Siku Nilipolitia Mkaa Birika la Ubatizo

Bora nikiri mwenyewe, maana hata nisipokiri, ukifika mtaani kwetu Chemchem ukauliza ni nani aliyetia mkaa kwenye maji ya ubatizo utaonyeshwa mpaka mlango wa nyumbani kwetu, na atakayekuonyesha atakuwa anacheka kabla hujamaliza swali. Ni mimi, Maganga. Nimesoma chuo, nina shahada, nahoji kila kitu, na siku ile nilihoji kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

Kanisa letu ni dogo na nyuma yake kuna birika la ubatizo (wenzetu wanaonyunyizia maji kichwani hawana shida hii, kwao bakuli linatosha), birika la saruji, refu kidogo kuliko mtu aliyelala, kina chake kiunoni, na juu yake umesimama mwarobaini ambao sijui nani aliupanda hapo, maana unadondosha majani mwaka mzima kama vile umeajiriwa. Majani si tatizo, unayatoa kwa wavu. Tatizo ni vumbi. Vumbi la Tabora likiingia majini linashuka taratibu, linatulia chini, linakuwa tope laini kama uji wa mtoto, na ukijaribu kulifagia linapanda lote kwa pamoja na maji yanageuka chai ya maziwa. Dawa ni kumwaga maji yote na kujaza upya, lakini wakati huo bomba lilikuwa na mgao wa kukatisha tamaa na maji yaliyokuwamo yalikuwa yameletwa na boza kwa kubembelezana sana, kwa hiyo kuyamwaga ilikuwa ni dhambi ya aina yake.

Sasa hapo ndipo anapoingia Mjomba Kashindye, kaka yake Mama, mkulima wa huko upande wa Isikizya, mtu mkubwa, tumbo mbele, sauti ya kuitia ng'ombe. Mama alikuwa amemwombea Mjomba abatizwe tangu mimi sijui kusoma. Kila mwaka Mjomba alisema mwakani. Mwaka huu, bila mtu kutarajia, akasema sawa, Jumapili ijayo, ila kwa sharti moja.

"Siingii kwenye maji ambayo sioni chini," alimwambia Mama kwenye simu, na ilikuwa simu ya sauti kubwa kwa hiyo sote tulisikia.

Kila mtu alielewa hicho ni nini. Ni kisingizio. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, tena kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. "Mama, huyo anajua maji yetu ni machafu. Ametafuta mlango wa kutokea kabla hajaingia." Mama akasema kwa sauti ndogo, "Basi tuyasafishe tuone atatokea wapi."

Akina mama wa kanisa wakachanga inunuliwe mashine. Mmoja wao alikuwa ameona kwenye simu kuna mashine ndogo za mkononi, za kuchaji, hazina waya, unaizamisha tu kwenye kibwawa cha watoto inanyonya uchafu wa chini bila kuyamwaga maji. Swali likawa nani akaichague, na Mama akanyanyua mkono akasema, "Maganga aende. Huyo hadanganyiki." (Mama yangu ni mtu mkweli sana, lakini siku ile alikosea.)

Duka nililokwenda ni la Kondo, pale Kanyenye, anauza vifaa vya umeme vya kila namna. Kondo ni Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Msomaji anayejua mambo haya ameshaanza kutikisa kichwa, lakini kwa ajili ya wale wasiojua niseme kwamba sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi zile babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani na kufikia kwao, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukucheka msibani, hata kukunyang'anya kofia, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mimi na Kondo hatujawahi kuongea sentensi mbili mfululizo bila moja kuwa utani. Kumbuka hilo.

"Mpagazi!" aliniita hata sijavuka kizingiti. "Leo umetumwa kubeba nini?"

"Nimekuja kuona kama Mzaramo anaweza kumiliki duka mwaka mzima bila kuliuza akachezee ngoma."

"Bado nina mwezi. Sema shida yako."

"Nataka mashine ya kufyonza, ya mkononi, ya kuchaji. Ya kusafishia birika."

Kondo aliweka kikombe chake mezani. "Birika?"

"Birika."

"La chai?"

"La ubatizo, wewe!"

Nilikuwa nimeshachelewa kusema. Alitoka mpaka barazani akawaita majirani, "Jamani njooni! Wanyamwezi wameendelea, sasa birika la chai wanalisafisha kwa mashine! Majivu yamewaishia!" Jirani muuza vitenge alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka pia, ungefanya nini, na tangu hapo kila alichosema Kondo nilikisikia kikipita kwenye ule mdomo wa birika la chai.

Akanitolea mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu, ina mpini mrefu, kichwa kipana kama jembe, na nyuma yake imening'inia mfuko wa wavu kama soksi ya mtu mwenye mguu mkubwa. Mbaya kweli kuitazama. Ya pili ilikuwa nyeusi, inang'aa, inakaa mkononi vizuri, ina taa mbele, na kopo lake ni la plastiki angavu, unaona uchafu unavyoingia na kuzunguka. Nikazishika zote, nikazigeuza, nikachungulia matundu. Nilitaka kuelewa. Hewa inaingia wapi, inatokea wapi, kitu gani kinaizungusha. (Hii ni tabia yangu tangu utotoni, nilishawahi kufungua redio ya Baba kumtafuta mtangazaji.)

"Hii ya kijivu maji yanakwenda wapi?" nikauliza.

"Yanaingia mbele, yanatokea kwenye mfuko. Uchafu unabaki kwenye mfuko."

"Yanatoka? Yanarudi kwenye birika?"

"Ndiyo. Ya maji haibebi maji, kaka, inayachuja."

Nikaona nimemkamata. Kitu kinachonyonya halafu kinaachia hapo hapo kimefanya kazi gani? Wakati ile nyeusi unaona kwa macho yako kilichonyonywa kimefungiwa ndani, hakirudi. Tena kwenye boksi lake palikuwa na picha ya tone la maji, kubwa, la bluu. Nikamwonyesha Kondo lile tone.

Hapo Kondo akaniambia maneno ambayo leo nayakumbuka moja baada ya jingine. "Sikiliza. Hiyo ni ya gari na mazulia. Hilo tone maana yake chai ikimwagika inaweza kuinyonya. Ukiizamisha yote majini inakufa, na kabla haijafa itakutapikia."

Chai tena! Nikacheka mpaka machozi. Itakutapikia! Nikampiga begani nikamwambia Wazaramo nyinyi mtakufa vibaya, nikaichukua nyeusi. Niliondoka pale nikiwa bado nacheka, na sikujiuliza kwa nini safari hii jirani wa vitenge hakucheka, wala Kondo.

Jumamosi nikaijaribu nyumbani, kwa sababu mimi siamini kitu mpaka nimekijaribu. Nikamwaga mchele sakafuni, ikanyonya. Nikamwaga kikombe cha maji, ikanyonya, nikayaona yanazunguka kwenye kopo, nikasema kimoyomoyo Kondo yuko wapi sasa. Nikayamwaga, nikaikausha, udadisi ukanipanda kichwani nikaingia stoo ya mkaa. Kuna vumbi la mkaa kule kwenye kona tangu nyumba ilipojengwa, jeusi, laini kama poda. Ikalinyonya lote! Kopo likajaa pomoni, kona ikabaki nyeupe, Mama akaja mlangoni amejishika kiuno.

"Hiyo si mashine ya kanisa?"

"Ni majaribio, Mama."

"Haya, kamwage huo uchafu."

Sikuumwaga. Nilitaka Mchungaji aone kwa macho yake kopo lilivyojaa, maana ushahidi ni ushahidi, ukiusimulia tu unakuwa hadithi. Hilo ndilo kosa langu la pili na ndilo lililonimaliza.

Jumapili nikafika mapema nisafishe kabla watu hawajaja. Mjomba Kashindye alikuwa ameshafika, amekaa peke yake kwenye benchi la nje na kifurushi mapajani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ndiyo hiyo mashine?"

"Ndiyo hii. Leo utaona chini mpaka uchoke."

Alitabasamu kidogo tu, nami nikajisemea, unaona, anaona mlango unafungwa. Nikapiga magoti kando ya birika, lakini Mchungaji akatokea, akaiangalia mashine, macho yakamng'aa, akasema, "Subiri kwanza. Akina mama wamechanga, waione ikifanya kazi. Tutatoka wote baada ya mahubiri." Mchungaji wetu ni mtu mvumilivu (maswali yangu juu ya imani huwa anayajibu "tutaongea"), na nilifikiri ni vizuri siku moja na mimi nimfundishe kitu mbele ya watu.

Basi wakatoka. Kwaya mbele kwa majoho meupe, ikajipanga nyuma yangu ikiimba, akina mama wakazunguka birika, Mama yangu mstari wa kwanza, watoto katikati ya miguu ya watu. Mchungaji akainua mkono wimbo ukakatika. Na mimi, badala ya kufanya kazi iliyonileta, nikatoa hotuba. Nikaeleza hewa. Nikaeleza nguvu ya mvuto. Nikainua kopo juu nikasema hili lote limetoka stoo yetu, akina mama wakasema "Eee!", mmoja akapiga kigelegele, na ndani ya kile kigelegele nikawasha mashine, taa ikawaka, ikanguruma kama nyuki, nikaizamisha mpaka kiwiko.

Ilinguruma. Ikakohoa. Halafu kitu fulani mle ndani kikageuka, sijui kitaalamu kinaitwaje, na matundu ya nyuma, yale niliyoyachungulia dukani nikijiuliza hewa inatokea wapi, yalinijibu. Nilikuwa nimeyaelekeza begani kwangu. Maji meusi yakapita juu ya bega langu, yakaruka, yakatua kwenye kwaya. Soprano wote. Sauti niliyoisikia nyuma yangu haikuwa ya wimbo wowote ninaoujua.

Mtu mwenye akili angeiinua. Mimi nilishtuka nikaiachia. Ikashuka chini taa ikiwa bado inawaka, kopo likafunguka, na nikaona, kwa utulivu wa ajabu, wingu jeusi likifunguka polepole kama mtu anayekunjua mwavuli, likafika kona hii, likafika kona ile, mpaka ile taa ikawa nukta, mpaka hata nukta ikapotea.

"Itatulia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Hakuna aliyeniuliza.

Halafu nikakumbuka kwamba ni mali ya kanisa, nikaingia. Kwa miguu yangu, na viatu, na suruali ya kitambaa, nikaingia kwenye birika ambalo kwa miaka nimemweleza Mchungaji kwa hoja nzito kwa nini siwezi kuingia humo, nikaanza kupapasa chini, na kila nilipopapasa lile tope la zamani nalo likapanda likaungana na mkaa. Nikaipata. Nikainuka nayo juu, inachuruzika, mimi nachuruzika, mweusi kuanzia kifuani kushuka chini, na mtoto mmoja akapaza sauti kwa furaha safi kabisa, "Maganga kaokoka!"

Hapo watu walishindwa kujizuia. Wazee kwa vijana. Kwaya yenyewe na madoa yake. Mchungaji aligeukia ukuta na mabega yakawa yanatikisika. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni Mama, alikuwa anaangalia yale maji, na uso wake sitaki kuueleza.

Nikatoka nikamtafuta Mjomba kwa macho. Nilitegemea kumwona anacheka kuliko wote, ameshapata kisingizio chake, ameletewa mpaka mkononi. Nikamkuta palepale kwenye benchi. Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa: taulo mpya, bado ina karatasi ya dukani, na fulana nyeupe iliyokunjwa vizuri.

"Kwa hiyo leo ndiyo basi?" akaniuliza. Ile sauti ya kuitia ng'ombe haikuwepo.

"Si ulisema kama chini hakuonekani..."

"Nilisema nione chini kwa sababu naogopa, mpwa wangu. Sijawahi kuingia kwenye maji yanayofika kiunoni maisha yangu yote. Nilitaka nijue nakanyaga wapi." Akaanza kuikunja taulo. "Nikirudi nyumbani leo sitarudi tena. Najijua."

Nilisimama pale nikichuruzika. Nilikuwa nimeiba wokovu wa mtu mwenye miaka sitini na kitu kwa sababu nilitaka kuonyesha kopo. Nikamwambia asiikunje taulo. Nikachukua ndoo, nikaanza kuteka yale maji na kuyamwaga kwenye mwarobaini, na nilipogeuka kurudi Mjomba alikuwa amekunja suruali, ameshika ndoo ya pili, halafu Mama ya tatu, halafu sikujua tena nani ameshika nini.

Kumwaga ni rahisi. Ya kujazia yatoke wapi? Nikapiga simu kwa Kondo, nusu kwa hasira na nusu kwa sababu kwao wana kisima.

"Umeniuzia nini wewe?"

"Umeizamisha?"

"Nimeizamisha!"

"Si nilikwambia?"

"Ulikuwa unatania!"

"Mnyamwezi," akasema, "nikitania nacheka. Ulinisikia nikicheka?"

Nikamweleza habari ya Mjomba. Kondo akauliza swali moja tu, kama ni kweli au nami ninamtania, nikamwambia ni kweli, akakata simu.

Alikuja jua likiwa limeanza kupoa, na guta lililojaa mapipa ya maji ya kisimani kwao, kofia yake ya kiua kichwani, na ile mashine ya kijivu begani. Alisimama langoni mwa kanisa akatangaza kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka stesheni: "Wapagazi! Tangu zama za misafara mnabeba nyinyi, leo mmebebewa!" Kisha akaja kwangu, akaninyang'anya viatu vyangu vilivyokuwa vinakaushwa, akaviweka kwenye guta, na kwa mujibu wa mila sikuwa na la kusema. Nilirudi nyumbani peku.

Maji yale hayakutosha. Yalifika magotini basi. Mchungaji aliyatazama, akamtazama Mjomba, akasema mtu mzima anaweza kukaa chini kisha akalala. Mjomba akachungulia. Chini kulionekana, saruji na nyufa zake zote. Akavaa fulana yake nyeupe akaingia, akaushika mkono wa Mchungaji kama mtoto anayevushwa barabara, akakaa, akalala, kichwa kikazama, kifua kikazama, na tumbo likabaki juu kama kisiwa.

"Bado tumbo!" akina mama wakapiga kelele. "Mchungaji, bado tumbo!"

Mchungaji akalisukuma kwa mkono mmoja, likaibuka. Akalisukuma kwa mikono miwili huku naye anacheka bila kuficha, likazama, maji yakajifunika juu ya Mjomba mzima kwa muda wa kusema amina, na alipoibuka alikuwa anakohoa na kulia na kucheka, akamwita Mama kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Mama aliingia majini na gauni lake la Jumapili kumkumbatia. Mimi nilikuwa nimeshika taulo. Ndiyo kazi pekee niliyoaminiwa siku hiyo.

Ile ya kijivu ndiyo inayotumika mpaka leo, na inafanya kazi vizuri kwelikweli. Nilipewa ruhusa ya kuishika baada ya miezi kadhaa, chini ya uangalizi, na nimeshaelewa maji yanapita wapi. Mama anasema nijifunze kunyenyekea. Najaribu. Sijaacha kuhoji, sidhani kama nitaweza kuacha, lakini nimeapa kwamba mtani akiniambia jambo nitamuuliza swali moja tu: hapo umetania au umesema kweli? Akisema ni kweli, natii. Akisema ametania, natii vilevile.